Daftari Lisilo na Jina

Kwenye kliniki yetu huniita fundi. Kazi yangu ni kufanya mashine za kupimia sukari ya damu zielewane, maana hii ni ya kampuni moja, ile ya nyingine, na kila moja hubana namba zake. Nimezilazimisha zote zitume vipimo kwa simu, na simu impelekee daktari. Watu wakinisifu nakasirika. Hawajui nilianzia wapi.

Nilianzia mtaani Kimumu, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Jirani yetu, Mama Nduta, wa kabila lililokuwa likifukuzwa, alikuwa amekimbilia kambini na nguo alizovaa tu. Akanitumia ujumbe: Kimeli, niletee mashine yangu ya sukari na daftari. Humo alikuwa ameandika vipimo vya miaka minne, asubuhi na jioni, na kwenye jalada jina lake kwa herufi kubwa.

Barabarani vijana wa kwetu walikuwa wamefunga njia kwa mawe, wakipekua kila mfuko. Nilisoma nao. Nikaogopa watasoma lile jina waniite msaliti. Mashine haina kabila, nikaitia mfukoni. Daftari nikalitupa kwenye choo cha shimo.

Kambini nikamdanganya Mama Nduta kwamba sikuliona. Mashine yenyewe haikuweka kumbukumbu hata ya jana. Daktari alimpima jioni, akaona sukari iko juu, akamchoma insulini kama mtu mwingine yeyote. Daftari lingemwambia kwamba sukari ya huyu mama huporomoka alfajiri. Alfajiri alizirai akiwasha jiko, mkono wa kushoto ukaungua hadi kiwiko. Bado alinishukuru kwa kuleta mashine, nami nikaitikia. Naona haya mpaka leo.

Wiki jana, miaka kumi na tano baadaye, alikuja kliniki nimuunganishie mashine mpya na simu. Ule mkono haunyooki vizuri. Nilipomaliza nikamwonyesha namba zikiingia zenyewe.

"Sasa hata mashine ikipotea, vipimo vyako vipo," nikasema.

"Hizo ni zako na daktari," akasema, akitoa daftari mkobani. "Mimi bado naandika."

Mwandiko ulikuwa uleule. Jalada lilikuwa tupu.

"Mama, hujaandika jina."

"Tangu wakati ule siandiki. Nisije nikamtuma mtu, akapata taabu barabarani."

Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyelitupa daftari lile."

"Najua, Kimeli. Haya, niinue niende."

Akaninyooshea mkono wa kushoto.