Kibali cha Kumtoa Mzee

Ujumbe wa kwanza ulinikuta Ubungo, saa kumi na mbili na ushee asubuhi, nikitoka nyumbani Madale kwenda kazini Temeke. Ulitoka kwa muuguzi wa zamu: "Dada, kompyuta ya mapokezi inajizima na kujiwasha yenyewe. Skrini ya bluu." Nikamjibu aizime kabisa, asubiri kidogo, aiwashe. Simu sijairudisha mkobani ukaingia wa pili, wa maabara. Kisha famasi. Kisha wodi ya wazazi. Ulipofika wa tano nilishajua ni nini, na nilishajua ni mie.

Hospitali yetu ni ya binafsi, si kubwa, tawi moja kati ya kadhaa, na makao makuu yako Kinondoni. Tawi la Temeke lina mtu mmoja tu wa kompyuta, naye ni mie. Jana yake, jioni ya Alhamisi, ilikuja apdeti ya ile programu inayolinda kompyuta zetu dhidi ya virusi na wezi wa mtandaoni. Utaratibu, niliouandika kwa mkono wangu na kuubandika ukutani, unasema apdeti yoyote ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja, ikae siku nzima, ndipo iende kwa nyingine. Ile kompyuta ya kujaribia nilikuwa nimewaazimisha idara ya meno na sikuwahi kuifuata. Nikairuhusu apdeti iende kwa zote, ianze alfajiri wakati kazi ni chache. Nilibofya nikiwa nimesimama, mkoba begani. Sikuwa na haraka ya maana. Nilikuwa nimechoka tu, nataka kwenda nyumbani.

Nilipofika nilikuta kompyuta zote ziko kwenye mzunguko mmoja: zinawaka, zinaonyesha nembo, zinageuka bluu, zinazima, zinawaka tena. Mapokezi palikuwa na watu wengi lakini palikuwa kimya, kila mtu anaangalia zile skrini. Na seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma inayobeba mfumo mzima wa hospitali, nayo ilikuwa bluu kama wenzake.

Dawa yake niliijua ndani ya nusu saa, maana dunia nzima ya watu wa kazi yangu ilikuwa macho asubuhi ile, wanaandikiana. Unaiwasha kompyuta kwa njia ya dharura, unafuta faili moja bovu, imepona. Dakika tano. Shida ni kwamba diski zetu zimefungwa kwa usalama, na ili uingie kwa njia ya dharura unahitaji namba ya siri ya tarakimu arobaini na nane. Kila kompyuta ina yake. Namba zote hizo nilizihifadhi vizuri sana, ndani ya seva.

Nakala nyingine ilikuwa makao makuu. Nikampigia kaka wa kule anayeshughulika na matawi yote. Alipokea baada ya mara nyingi, sauti imemkauka.

"Dada yangu, hata mie nimefungiwa nje. Nina kompyuta moja tu inayofanya kazi, na matawi yote yananiita. Nikipata namba zenu nakupigia."

"Nianzie na seva, tafadhali. Seva tu."

"Kila mtu ananiambia hivyohivyo."

Ilikuwa kama saa mbili asubuhi katibu wa hospitali aliponiita. Katibu ni mama mmoja mnyoofu, hapendi maneno mengi. Alikuwa amesimama kwenye korido na mwanaume wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma.

"Huyu kaka anasubiri kibali cha mochwari," katibu alisema. "Mweleze mwenyewe."

Baba yake alifariki alfajiri ile wodini kwetu. Walikuwa familia ya Kiarabu, wenye duka la nafaka na viungo Temeke tangu enzi za babu yao. Mzee aliingizwa mochwari na muuguzi wa zamu akaandika taarifa zake kwenye mfumo. Kwa hesabu yangu ya baadaye, ilikuwa dakika chache kabla kompyuta hazijaanguka. Kaburi lilikuwa linachimbwa. Mwosha alikuwa ameshafika nyumbani. Walitaka mzee aswaliwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, msikiti ukiwa umejaa, kisha akazikwe.

"Alikuwa anasema mwenyewe," yule kaka alinieleza, taratibu, kama mteja anayenieleza anachotaka dukani. "Kufa Ijumaa ni bahati, na kuswaliwa na jamaa ya Ijumaa ni bahati nyingine. Moja Mungu kampa. Ya pili ni sisi."

Nilimuuliza katibu kando kama hatuwezi kuandika kibali kwa mkono. Akanitazama kama nimesahau. Sikuwa nimesahau. Miaka michache kabla ya hapo, enzi za daftari, mochwari yetu ilikosea kutoa mwili. Familia moja ikazika mtu wa familia nyingine, na ilibidi kaburi lifukuliwe. Ndipo wakuu wakaagiza kwamba hakuna mwili utakaotoka bila kibali kilichochapwa na mfumo, chenye namba ya droo na namba ya marehemu, na daftari zikaondolewa kabisa. Mfumo ule niliusimika mimi. Siku ya kuuzindua walinipa maua.

"Mganga mfawidhi peke yake ndiye anaweza kuvunja utaratibu," katibu alisema. "Yuko kikao Kinondoni, simu imezimwa. Mie siwezi. Likitokea kosa tena, ni mimi nitakayefukua kaburi."

Kwa hiyo nikarudi chumba cha seva. Sikuwa na la kufanya pale, lakini nilikaa mbele yake. Ilikuwa inazima na kuwaka, feni zake zinapanda na kushuka, na kila ilipowaka nilijikuta nainama mbele kidogo kwamba labda mara hii. Nilijaribu kila kitu nilichokijua, kisha nikajaribu vitu nilivyojua havisaidii.

Saa nne yule kaka wa makao makuu akapiga. Amepata namba. Nikachukua karatasi, akaanza kusoma, tarakimu sita sita, nami nikirudia kila fungu. Mtandao wa simu ulikuwa unakatakata. Nikakimbilia kwenye seva, nikaingiza zote arobaini na nane, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikadhani nimesikia saba kumbe ni sita. Nilipompata tena hewani baada ya dakika arobaini tukasoma upya, na namba ilikuwa sahihi kabisa, ila haikuwa ya seva. Ilikuwa ya kompyuta ya famasi.

Nikaifungua ya famasi. Ilipona kwa dakika tano, kama walivyosema. Mfamasia akanishukuru, akakaa, akabofya mfumo, na mfumo ukamwambia haupatikani, maana unaishi kwenye seva. Tukabaki tunaangalia picha ya majani mabichi iliyokuwa nyuma ya skrini yake.

Kufikia saa tano ndugu wa marehemu walikuwa wamejaa uani, wanaume kwenye benchi la zege karibu na mochwari, wengine wamechuchumaa ukutani penye kivuli. Hakuna aliyepaza sauti. Ningeona heri wangepiga kelele. Nilipopita, yule kijana wa marehemu, namwita kijana japo alikuwa na mvi ndevuni, alinisimamisha.

"Sista, nikuulize kitu. Nisamehe kama ni cha kijinga. Baba yangu yuko ndani ya jokofu, au yuko ndani ya kompyuta?"

"Yuko kwenye jokofu, kaka."

"Na mtu wa mochwari anajua ni droo ipi?"

"Anajua."

"Na mie namjua baba yangu kwa sura. Sasa kinachokosekana hapo ni nini?"

Nikamwambia ni karatasi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi. Nilimwona akiwaeleza wenzake, na wao wakaitikia vilevile.

Mtu wa mochwari alikuwa mzee wa Kisukuma aliyefanya kazi ile tangu enzi za daftari. Nilimwamkia, akaitika, akanifungulia mlango nusu. "Namba nne," alisema. "Nimemfunga kidevu mwenyewe, nikamwelekeza kichwa kibla. Mwanangu, mie nikimpa huyu kijana baba yake, nimekosa nini?" Nilimweleza maneno ya katibu. Akasema anayafahamu, alikuwepo siku lile kaburi lilipofukuliwa. Kisha akafunga mlango.

Saa sita na nusu adhana zilianza, msikiti mmoja baada ya mwingine. Wanaume wote waliokuwa uani walisimama. Yule kaka alisita, akaangalia mlango wa mochwari, akamwangalia mjomba wake, ambaye alikuwa mzee sana na alishikilia fimbo. Mjomba akasema, "Twende tukaswali. Yeye hana haraka tena." Wakaondoka wote kwa miguu. Uani pakabaki viatu vya plastiki vya mtu mmoja na thermosi ya chai. Nilikuwa dirishani nimeshika simu sikioni, nasikiliza muziki wa kusubiri wa makao makuu.

Nilisali pia. Mie ni Mlutheri kutoka Kilimanjaro, sikujua niombe kwa namna gani kwa ajili ya sala ya watu wengine. Niliomba seva iwake. Haikuwaka. Sala ya Ijumaa ikapita.

Mganga mfawidhi alirudi saa tisa kasoro. Alisikiliza pale pale ngazini, mkoba wake haujashuka, akamuuliza katibu, "Mmemtuma nani kunitafuta kikaoni?" Katibu akasema hawakumtuma mtu, walipiga simu tu. Akachukua karatasi yenye nembo ya hospitali, akaandika kibali kwa kalamu ya wino, akaenda mwenyewe mochwari na yule kaka na mjomba, waliokuwa wamerudi kutoka msikitini, wakaangalia uso, wote watatu wakatia sahihi. Haikuchukua robo saa. Jeneza lilipotoka nilisimama pembeni ya mlango. Nilitaka kusema kitu. Yule kaka akanitangulia.

"Hatukulaumu, sista. Mashine ni mashine."

Sikuweza kumwambia. Nimefikiria mara nyingi kwa nini. Watu walikuwa wamebeba, haikuwa nafasi ya kuwasimamisha. Lakini hata kama wangesimama, sidhani ningesema.

Mzee aliswaliwa baada ya alasiri. Walioswali, nilisikia baadaye, walikuwa safu mbili.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda msibani. Nilijifunga kanga na mtandio, nikaelekezwa upande wa wanawake, chumba cha ndani ambako mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika nguo nyeupe. Nikampa pole. Binti yake akamwambia huyu ni wa hospitali. Nikaona hapo ndipo pa kusema, nikasema yote, vibaya, bila mpangilio: kwamba ile hitilafu niliiruhusu mimi, kwamba ingetakiwa nijaribu kwanza, kwamba nilikuwa nataka kwenda nyumbani. Sidhani mjane alielewa habari ya apdeti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Wewe ulimwona?"

"Nani, mama?"

"Mume wangu. Siku nzima ile. Alikuwa ametulia uso?"

Nikamwambia sikumwona. Nilipita mlangoni pale mara tano au sita, na mara moja mlango ulikuwa wazi nusu. Siku nzima nilikuwa natafuta namba. Mjane akasema, "Basi," akanishika mkono kidogo, akauachia. Binti akaniletea kahawa na halua, nikanywa, nikaaga.

Namba ya seva ilipatikana Jumatatu asubuhi. Niliiingiza mara moja ikakubali, nikafuta lile faili, na mfumo ukarudi kama haukuwa umekwenda popote. Orodha ya mochwari ikafunguka. Jina la mzee lilikuwa pale, droo namba nne, na mbele yake pameandikwa: yupo. Ili kumtoa ilibidi nibofye, na saa ya kutoka mfumo hujiandikia wenyewe. Nilimpigia kaka wa makao makuu kumuuliza kama naweza kuirudisha nyuma hadi Ijumaa.

"Haikubali, dada. Ulinzi huo, watu wasichezee kumbukumbu. Andika maelezo chini."

Nikaandika kwenye maelezo kwamba alitoka Ijumaa alasiri, kwa kibali cha mkono. Kisha nikabofya. Mzee wa mochwari alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, amekuja kuuliza kama kazi zinarudi mtandaoni.

"Imeandika nini?" aliniuliza.

"Imeandika ametoka leo."

Alisogea akasoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari kwenye kioo. Akasema si kweli. Nikamwambia najua. Akaniomba nimtafutie daftari moja, kubwa, la mistari, na asubuhi ile ile nikamnunulia.