Ndege Aliyefungwa Mguu

Juzi upepo ulibeba mabati mawili ya bweni letu hapa Korogwe. Wenzangu wa kidato cha tatu walikimbilia madirishani kushangilia. Mimi, ambaye jina langu halikosekani kwenye daftari la mwalimu wa zamu kwa kuchekesha watu mstarini, nilikuwa chini ya kitanda nimekumbatia ndoo. Cheka tu, rafiki yangu. Ila ngoja nikwambie upepo huo tulijuana wapi.

Nilikuwa darasa la pili kule Kwaluguru, kijiji chetu cha ujamaa kikiwa bado kinanuka udongo mbichi wa nyumba mpya. Kiwanja cha mpira tulikifyeka wote ili ndege ndogo ipate pa kutua na daktari wa chanjo. Ilipotua tuliyaacha makande yaungue, tukakimbia kuitazama. Sindano tulizikumbuka tulipoziona.

Siku hiyo mama mdogo alikuwa kwenye uchungu tangu jana yake, na mtoto hashuki. Daktari alimpima akasema bila hospitali tutawapoteza wote wawili. Basi atapanda ndege. Rubani alipotoka kwenda kusaidia kubeba kitanda, aliona vumbi limesimama upande wa porini. Akamgeukia bibi yangu, aliyekuwa karibu na kamba yake ya katani begani.

"Bibi, nifungie ndege. Upepo unakuja."

"Ndege nafunga tangu sijaolewa," bibi akajibu.

Na kweli alifunga. Alimfunga kama kuku wa kupeleka mnadani: mguu mmoja, kwenye kisiki, kamba akailegeza kidogo asijiumize. Mwenyekiti wa kijiji alilikagua fundo, akatangaza kwamba huo ndio utaalamu wa wananchi.

Upepo haukupiga hodi. Uliingia chini ya bawa moja na ndege ikainuka upande, kama mbuzi anayekataa kuchinjwa. Kamba haikukatika, na hilo ndilo lilikuwa balaa: mguu ulibaki pale pale, mwili ukazunguka. Bawa la pili lilipita juu ya kichwa cha mwenyekiti, naye akalala chini na hotuba yake yote. Bibi aliling'ang'ania lile lililoinuka, mimi nikamng'ang'ania bibi kiunoni. Nikasikia nyayo zangu zinaacha ardhi. Zote mbili. Nilifungua mdomo nipige yowe, ukaingia mchanga. Na mbele yangu nikaona kitanda kinakuja, mama mdogo juu yake, kanga zinapepea, anaguna. Hata mimi wa darasa la pili nilielewa: hii ikipinduka, kile kitanda hakina pa kwenda.

"Mabawa!" rubani alikuja mbio. "Hufungwa mabawa na mkia! Igeuzeni, pua itazame upepo!"

Wanawake waliokuwa wanashangaa wakarukia mabawa, wakaning'inia. Mwenyekiti akaukumbatia mkia. Tukaizungusha mpaka pua ikatazama vumbi, ikatulia, ila ikitetemeka kama mgonjwa wa homa. Tuliishikilia hivyo mpaka mvua ikanyesha na upepo ukapita. Kisha rubani akalipapasa kila bawa taratibu, mama mdogo akilia pale pale kwenye mvua, na hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe.

"Itaruka," akasema.

Iliruka. Mama mdogo alirudi baada ya majuma matatu. Mtoto hakurudi. Daktari alisema mtoto alikuwa amechoka hata kabla ya upepo. Hakuna aliyemlaumu bibi, lakini maneno ya daktari bibi hakuyaamini.

Siku hizi kiwanja kile ni shamba la mahindi, na ndege haiji tena. Wala siikumbuki sana. Ninachokikumbuka ni bibi wa kabla ya siku ile, ambaye mimi na yeye tuliamini hakuna kitu duniani atakachokifunga kisitulie. Baada ya hapo, hata ukiwa mzigo wa kuni tu, alikuwa akimaliza fundo anatazama mbingu, halafu ananiuliza mimi, mtoto wa kuchapwa kwa kuiba sukari guru:

"Mke mwenzangu, litashika?"

"Litashika, bibi."

Watu wote nimewatania, hadi maiti. Swali lile sikuwahi kulifanyia mzaha, mpaka tunamzika.