Unga wa Muhogo Kichwani

Unga wa muhogo una harufu mbili. Ukiwa mkavu hunukia kidogo tu, kama chaki iliyoanikwa juani. Ukilowa na kuachwa mahali penye joto huchacha, na uchachu wake hukaa puani muda mrefu. Harufu hiyo ya pili niliijua nyumbani kwetu Kisugu, Kampala, katika likizo ndefu kabla sijaingia darasa la sita. Tangu hapo nimejisomea mengi, bila mwalimu, juu ya wanga, mafuta na ngozi ya binadamu, na leo ninaweza kueleza hatua kwa hatua kilichotokea katika chumba chetu cha mbele. Wakati ule nilikuwa na pua tu.

Mama alikuwa msusi. Yeye na baba walihamia Kampala kutoka Kisumu kabla sijazaliwa. Baba aliendesha lori la mizigo na mara nyingi alikuwa safarini. Mama alitengeneza nywele za wanawake wa mtaa. Kazi yake kubwa ilikuwa kunyoosha nywele kwa moto. Kitana cha chuma, kilichofuliwa na mafundi wa mtaa wa Katwe, kililala juu ya makaa ya sigiri, kisha mama alikijaribu kwenye kipande cha gazeti. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, alianza. Nywele zilizopakwa mafuta zilitoa moshi na mlio wa kukaanga, halafu zikalala. Adui wa kazi hiyo alikuwa maji, kwa sababu nywele zilizonyooshwa hivyo zikilowa hujikunja tena papo hapo. Kwa hiyo, kati ya kuosha na kuosha, mama aliwapaka wateja wake unga wa muhogo uliochekechwa kwa kitambaa. Aliusugua taratibu kwenye mizizi, akaungoja unywe mafuta na jasho, kisha akaukung'uta kwa brashi. Wanawake waliondoka na nywele nyepesi zenye kupepea. Ilikuwa njia nzuri, na bado naiona ni njia nzuri, kwa kichwa kizima.

Dada yangu Adhiambo alikuwa amemaliza shule mwaka mmoja kabla ya hapo, na kwa mara ya kwanza alikuwa na nywele. Sisi wanafunzi tulinyolewa, wasichana kwa wavulana. Kabla ya kila muhula Mama Opio, jirani yetu, mke wa askari kutoka kaskazini, alitukalisha kwenye ngazi za nyumba na kutupitishia wembe. Adhiambo alikuwa ametoka kwenye sheria hiyo, na zaidi ya hapo alikuwa na mchumba, karani wa duka la vipuri, ambaye mama yake angekuja kutoka Kenya kumwona. Mama alimnyoosha nywele mapema, kabla wateja wa Krismasi hawajajaa. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto mtu alibisha hodi, mama akageuka, na kitana kikagusa ngozi. Adhiambo alivuta pumzi kwa meno. Mama alimpaka mafuta ya mgando, akasema ni kidogo, na kweli kilikuwa kidonda kidogo. Siku iliyofuata maji ya bomba yalikatika mtaa mzima.

Maji tuliyoteka chemchemini yalikuwa ya kunywa na kupikia. Kila asubuhi mama alimkalisha Adhiambo kati ya magoti yake na kumwongezea unga. Mama Opio akipita mlangoni alitania, "Mama Adhiambo, hii ugali itaiva lini?" na mama alicheka. Lakini mimi nililala na dada kitanda kimoja, na niliona mambo yakija kwa mpangilio. Kwanza aliacha kulalia upande wa kushoto. Kisha unga wa nyuma ya sikio ukakataa kukung'utika. Ulishikana kama ganda. Kisha nzi wakayaacha masufuria wakamfuata yeye. Mto ulikuwa na doa la manjano, naye aliugeuza kila alipoamka. Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma. "Ni joto tu," alisema. Nilimgusa mkono, na joto lile halikuwa la hali ya hewa. Nilimwambia mama. Alijibu kwamba unga huchacha kwa jasho, akachukua mwingine mkavu, akaupaka juu yake.

Siku moja kabla ya wageni, Mama Opio alisimama mlangoni bila kutania.

"Mama Adhiambo, hii kichwa iko mbaya," alisema. "Hiyo harufu si ya muhogo. Mimi nilisikia hiyo harufu hospitali ya jeshi. Osha mtoto."

"Nikimwosha leo, kesho wanamkuta na nywele kama nyasi. Waache waje, wamwone, waende. Nitamwosha."

"Wewe ngoja wageni. Hiyo kitu haingoji."

Wageni walifika mchana. Adhiambo alivaa gauni la bluu, nywele zimelala shingoni zikimetameta, na mama wa kijana alizisifu kabla hata hajaketi. Kabla ya chakula dada alizunguka na birika la maji ya uvuguvugu kuwanawisha mikono, kama ilivyo desturi kwetu. Alipoinama mbele ya yule mama, niliona pua ya mgeni ikijikunja, kisha macho yake yakapanda kutoka kwenye birika hadi nyuma ya sikio la dada. Akairudisha mikono yake. Maji yaliendelea kumwagika sakafuni. Adhiambo alipiga magoti, halafu akalala ubavu.

Nilikimbia kumwita Mama Opio, naye alikuja na wembe wake. Alimnyoa kwenye ngazi zile zile alizotunyolea sisi, kwa maji yaliyowekwa kwa ajili ya chai ya wageni. Mama alishika kichwa mapajani, vidole vyake vyeupe kwa unga. Nywele zilianguka zikiwa bado zimenyooka vizuri. Chini ya ganda, kidonda kilikuwa kimeenea ukubwa wa kiganja.

Adhiambo alilazwa hospitali muda mrefu, na mwanzoni madaktari hawakutuahidi lolote. Alipona. Wageni walituma salamu za pole, kisha salamu zikakoma. Leo najua kwamba wanga hunyonya mafuta lakini hausafishi. Juu ya ngozi kavu hukung'utika. Juu ya kidonda huwa uji, na uji wenye joto ni chakula cha vijidudu.

Siku hizi bomba letu halikauki kama zamani, na unga umehamia kwenye kopo la kupuliza lenye picha ya maua. Nimesoma maandishi madogo ya nyuma yake: kuna wanga mle ndani, wa mchele badala ya muhogo. Linet, binti wa Adhiambo, hulitumia ili asioshe nywele mara kwa mara. Mama yake, ambaye nyuma ya sikio la kushoto hapajaota unywele tangu mwaka ule, huhamia chumba kingine akisikia mlio wa kopo hilo.

Juzi Linet alikuja kunitembelea. Alijipulizia kichwani kabla ya chai, akajipulizia tena baada ya chai, kisha akajifunga kitambaa. Harufu ya maua ilijaa sebuleni, na chini yake, kwa mbali, palikuwa na nyingine. Nilimwomba nione kichwa.

"Ni joto tu, mama mdogo," alisema, akakaza kitambaa.

Sikubishana naye. Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba, nikaliacha beseni lijae. Nililiweka mlangoni penye mwanga, nikaweka kiti mbele yake, nikasimama nyuma ya kiti na taulo begani, mpaka vidole vya Linet vilipoanza, polepole, kulifungua fundo la kitambaa.