Theluji ya Kuchezea

Katika Wakenya wote walioko Minnesota, hakuna anayeijua theluji kunishinda. Nasema hivyo bila haya. Wako madaktari, wako manesi, wako wenye digrii nyingi mpaka wanakosa ukuta wa kuzitundika, lakini theluji ikianguka wote wananipigia simu mimi niliyeacha shule darasa la saba. Nilianza na koleo la mkono kule Columbia Heights, nikisafisha ngazi za watu nikiwa nimevaa viatu vya mtumba. Leo niko Blaine, nina nyumba ambayo gereji yake tu ingetosha familia, na nina pikapu kadhaa, kila moja imefungwa bamba kubwa la chuma mbele, lile tunaloita plau. Unaishusha, unakanyaga mafuta, theluji inakupisha. Maegesho ya makanisa, ya kliniki, ya maduka, yote ni mimi. Nikimaliza kiwanja, unaweza kukianikia mahindi.

Aliyekuwa hajaridhika na kazi yangu alikuwa mmoja tu, binti yangu.

Ndiye kitindamimba wetu. Wakati huo alikuwa na miaka sita na mdomo wa bibi yake. Asubuhi moja alikuwa dirishani akiwatazama watoto wa jirani wakiviringisha theluji na baba yao, akanigeukia. Huyu mtoto anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, kwa sababu anayeandika ni mimi.

"Baba, theluji ikianguka baba za wengine wanabaki nyumbani. Wewe unaondoka."

"Naenda kazini, mama. Theluji ndiyo imenunua hilo dirisha unalochungulia."

"Lakini hujawahi kucheza nayo. Unaisukuma tu."

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Nimejibizana na mabwana wa benki, nimejibizana na trafiki wa nchi mbili. Siku hiyo nilitazama kikombe changu cha chai nikakuta hakina msaada. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Jumamosi tungeenda mlimani, kule njia ya Duluth, tukateleze kwa ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, mimi na yeye, na kwamba siku hiyo nisingesukuma theluji hata ya kujaza kijiko.

Hakuniamini. Alilamba kidole, akakiinua juu, akaniambia nami nilambe changu. Ni kile kiapo cha haki ya Mungu tulichokuwa tukiapa sisi tukiwa wadogo. Bibi yake alimfundisha kwenye simu ya video, badala ya kumfundisha sala. Nikalamba, nikainua kidole, nikaapa.

Ijumaa nzima theluji ikaanguka kama iliyotumwa.

Kulipokucha Jumamosi, kila mteja niliye naye alikuwa amefunikwa. Nilimkabidhi kazi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nimemfundisha mwenyewe na bado hajafika robo ya uwezo wangu.

"Shem, unaniachia wateja wote leo? Leo hii?"

"Nimeapa."

"Umemwapia nani? Serikali?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ametutolea macho kama hakimu.

Mke wangu naye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka hospitali. Ni nesi, anajua magonjwa kwa majina yao ya kizungu, lakini mtoto wake akitaka kutoka kwenye baridi, uuguzi wote unamtoka anakuwa mama wa Kinangop, kule kwetu kwenye baridi ya milimani. Nimonia, nimonia, nimonia. Alimvika fulana, sweta, sweta nyingine juu ya hiyo, koti, skafu, boshori, halafu kofia ya koti juu ya boshori. Soksi sikuzihesabu. Mtoto hakuweza kukunja mikono. Nilimbeba mpaka kwenye gari kama godoro.

"Na hiyo plau unaenda nayo wapi?" mke wangu akauliza akiwa dirishani.

"Barabara ni mbaya, pikapu ndiyo gari la leo. Plau ni urembo tu."

"Baba watoto, urembo huo ukae juu."

Hatujatoka hata Blaine vizuri, simu ikalia. Shemeji alitaka kujua theluji ya kanisani aisukumie upande gani. Nikamweleza. Ikalia tena: mlango wa kliniki umezibwa. Nikamweleza. Ikalia tena. Nikaanza kumweleza kwa sauti ambayo si ya Jumamosi, na nikiwa katikati ya maelezo mkono mdogo wenye glavu ukanyooka kutoka kiti cha nyuma ukaichukua simu kwenye kishikio chake katikati ya viti. Nikasikia kifuniko cha hotipoti ya chapati zetu za njiani kikifunguka, kikafungwa. Kutoka hapo mpaka mlimani simu yangu ililia ndani ya chapati.

"Itaingia mafuta," nikasema.

"Siku yangu," akajibu.

Njia ilikuwa na kazi yake. Magari yalikuwa mitaroni huku na huku, wenyewe wamesimama kando wakipuliza vidole. Mimi nilipita katikati kama niko sebuleni. Nilimwambia binti yangu atazame baba yake anavyoshika usukani, maana vitu hivi havifundishwi shuleni. Alikuwa anajaribu kukuna pua na mkono haufiki.

Tulifika na muda wa kutosha. Somo la watoto lilikuwa linaanza saa tano, na bila somo hilo hawamruhusu mtoto kupanda kilima. Lakini nilipoingia maegesho, moyo uliniuma. Sijui nani alipewa kile kiwanja. Alikuwa amesukuma njia moja nyembamba, akalundika theluji katikati kama kaburi la tembo, akaenda zake. Magari yalikuwa yanazunguka hilo lundo kama kuku waliopotea. Mama mmoja gari lake dogo lilikuwa limekwama, matairi yanalia.

"Dakika tano," nikasema.

Kwenye kioo nikaona boshori ikigeuka kunitazama.

"Ni kumsaidia tu yule mama."

Nikashusha plau. Jamani, kuna watu wanacheza kinanda, kuna watu wanachora. Mimi nipeni plau. Nilimtoa yule mama kwenye shimo lake. Halafu nikaona haifai kuacha pale palipobaki, nikalibomoa lile lundo, nikalisukuma lote mpaka ukingoni, chini ya kilima, nikalipanga likawa tuta refu, limenyooka, unaweza kulipiga rula. Watu walishuka kwenye magari wakapiga makofi na glavu zao. Akatoka meneja, mzungu wa ndevu nyekundu, anakimbia na kikombe cha kakao.

"Hatimaye! Wewe ndiye uliyetumwa kusafisha? Na ule upande wa chini utaumaliza?"

Ule upande wa chini ulikuwa mweupe, haujaguswa na tairi hata moja. Mtu wa kazi yangu akiona kitu kama kile mikono inamwasha. Niligeuka nimwambie binti yangu aone jinsi dunia inavyomtambua baba yake.

Alikuwa amechomoa mkono mmoja kutoka kwenye koti na glavu. Kidole chake kilikuwa kimelowa mate, kimeinuliwa juu, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama dirishani watoto wengine wakishikana mikono kwenda kwenye somo. Machozi yalikuwa yameteremka mpaka kwenye skafu.

Angelia kwa sauti ningejua la kufanya, maana kelele za watoto nimezizoea. Ni hicho kidole.

Nikapandisha plau.

"Bosi, upande wa chini je?" meneja akauliza.

"Mimi leo sifanyi kazi," nikamwambia. "Nimekuja kucheza."

Alinitazama, akatazama plau, akatazama kiwanja kilichosafishwa nusu. Sijawahi kuacha kiwanja nusu, si Columbia Heights, si Bloomington, si popote. Nilimwachia na kikombe chake cha kakao.

Nilikimbia na godoro langu kwapani. Somo lilikuwa limeanza. Mwalimu, binti mmoja wa kizungu mwenye nywele za kusuka, alimtazama mtoto akamuuliza kwa upole kama magoti yake yapo. Basi tukaanza kumenya. Koti, sweta, sweta, kisha koti peke yake likarudi. Viatu vya ski vilikataa kuingia mpaka soksi ya mwisho ilipobaki. Mwalimu alipanga nguo benchini, akauliza kama kuna mtoto mwingine humo ndani ambaye tumemsahau. Nikamwambia mke wangu ni nesi.

Kule wanafundisha kwa njia rahisi. Ukitaka kupunguza mwendo, mbele unakutanisha ncha za ski, nyuma unapanua, miguu inafanya umbo la robo ya chapati. Wao hawasemi chapati, lakini robo ya chapati ndiyo ile ile. Halafu kuna mkanda kama wa kaunta ya dukani, unasimama juu yake unapandishwa kilimani kama kabeji. Binti yangu alipanda, akashuka, akaanguka, akaamka. Mara ya tatu akashuka bila kuanguka akaniita nipande naye.

Nilikuwa nimeshakodisha za kwangu. Nilimwambia mwalimu mimi sihitaji somo, theluji na mimi tumejuana miaka mingi. Nadhani tulikuwa tunajuana nikiwa ndani ya gari.

"Baba, chapati!" binti yangu akapiga kelele nilipoanza kushuka. "Fanya chapati!"

Chapati iligoma. Nilishuka kama friji. Kilima cha wanaoanza kinaishia karibu na maegesho, na katikati wameweka wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa. Wavu ule ni wa watoto, mimi nilipita nao. Nikaingia kichwa mbele katika lile tuta langu mwenyewe nililopanga kwa rula, nikazama mpaka mkanda wa suruali.

Na naomba hili lieleweke: lingekuwa tuta la yule aliyesafisha mwanzo, ningepitiliza mpaka kwenye magari. Kazi nzuri inajionyesha.

Nilipotoa kichwa, binti yangu alikuwa amefika kwa chapati yake safi kabisa, amesimama juu yangu, anacheka mpaka ameshika tumbo. Mwalimu anakuja mbio. Meneja naye anakuja mbio. Mtoto akachota theluji kwa mikono miwili akanimwagia kichwani.

"Baba! Unacheza!"

Nikamrushia yangu.

Jioni tulipoondoka, njia ya kutokea ilipita kando ya ule upande wa chini. Bado ulikuwa haujaguswa. Yule waliyemngoja hakuja. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha plau. Kwenye kioo nilimwona binti yangu, nguo zote zimerudi mwilini, boshori imemfunika jicho moja. Lile lingine lilikuwa linatazama bamba la chuma kule mbele.

Nikarudisha mkono kwenye usukani. Alilitazama lile bamba mpaka tulipoingia barabara kuu, ndipo akafungua hotipoti, akasogeza simu pembeni, akanikatia chapati.