Kisu cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliwahi kupanda mti kumkimbia mnyama aliyelala chini. Nilikuwepo. Na ndiyo sababu leo nina mke.

Mimi Luqman, mtoto wa Tanga, fundi simu hapa Mayfair, Joburg. Nilipopeleka posa ya Mayasa, baba yake, Mzee Burhani, aliniangalia vidole kwanza.

"Ushawahi kuchinja hata kuku?"

"Hapana, baba."

"Mimi nachinja kila Idi, mwaka wa kumi huu. Mwanangu simpi mwanamume anayeogopa damu."

Akanipa nafasi moja: twende kuwinda milimani, nimchinje tandala mbele yake. Nikishindwa, nimsahau Mayasa.

Basi tukaenda kwenye shamba la kuwinda, milima ya Magaliesberg. Mayasa akaja kutupikia.

Tumu, mwenyeji aliyetuongoza, akapiga risasi. Tandala chini, pembe ndefu zimejisokota, bado anahema. Sharti achinjwe kabla hajakata roho, la sivyo ni mzoga.

"Haya, bwana harusi." Mzee akanipa kisu.

Yule mnyama akanitazama. Nilimpenda Mayasa, wallahi, lakini mkono haukwenda.

"Baba, siwezi."

"Nilijua! Lete hapa, umwone mwanamume."

Akasogea huku anakunja mikono ya kanzu. Tandala akarusha teke moja tu.

Kisu kule, kofia huku, mzee juu ya mti! "Mshikeni! Mshikeni!"

"Eish, madala, mzee wangu!" Tumu akaduwaa. "Mnyama anakufa huyu!"

Mayasa akaokota kisu, wala hakukimbia. Akamwambia Tumu ashike pembe, akamwelekeza mnyama kibla, Bismillahi Allahu akbar, kwisha kazi.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Uani kwetu, kila Idi. Baba anakuwa chumbani kajifunika taulo usoni. Nikimaliza nampa kisu, anatoka nacho mbele za wageni."

Kutoka juu ya mti ikashuka sauti ndogo: "Luqman, mwanangu... harusi tuiweke lini?"

Siku ya walima mzee alipita kila meza. "Mkwe wangu simba! Kachinja mwenyewe!"

Mayasa akanikanyaga mguu. Nikaendelea kula.

Wanangu, debe tupu haliachi kuvuma. Ukisikia mtu anajisifia kisu, muulize anayekiosha.

Mimi sijisifii. Idi iliyopita Mayasa alikuwa uani anachinja, sisi tuko chumbani na baba mkwe. Taulo moja, wanaume wawili.