Wakala na Mabati ya Maruni

Mimi ndiye niliyeleta akili unde katika duka letu la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na kwa wiki kadhaa nilitembea kifua mbele kama mtu aliyechimbia kijiji kisima. Kazi yangu ni uhasibu. Nilikuwa nimechoka kubonyeza programu ya hesabu kutwa nzima, basi nikaiunganisha na wakala, yaani akili unde inayoweza kutenda kazi, si kujibu maswali tu. Wakala huyo haoni duka. Anaona zana tunazompa: moja ya kuandika ankara, moja ya kuangalia stoo, nyingine ya kurudisha mali kwenye hesabu ya vitu vya kuuza. Kila zana ina maelezo yake, na bila maelezo hayo yeye ni kipofu.

Maelezo tuliyaandika asubuhi moja, mimi na mwenye duka, mama mwenye haraka ambaye huona maneno mengi kuwa hasara. Nikiandika sentensi mbili, anakata moja. Ile zana ya kurudisha mali tuliieleza hivi: "Tumia kurudisha stoo bidhaa zilizokaa muda mrefu bila kuchukuliwa." Tukasoma, tukaona imenyooka, tukanywa chai.

Sasa, yeyote aliyejenga huku kwetu anajua mabati yanavyonunuliwa. Hununui paa kwa siku moja labda uwe mheshimiwa. Unalipia machache mwezi huu, mengine mwezi ujao, na unayaacha dukani kwa sababu nyumbani yataibwa, au shemeji atayaazima, jambo ambalo ni lile lile. Paa likitimia unakuja na gari. Tunalijua hili sana, hata hatukukumbuka kulisema.

Mteja wetu mmoja, mshonaji wa nguo kutoka Mitaboni, alikuwa akinunua mabati ya rangi ya maruni kwa mtindo huo. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimesimama wazi, na alitaka kuiezeka kabla mvua haijayeyusha matofali yake ya udongo. Kila alipokuja kuongeza, lazima aingie stoo kuyasalimia mabati yake. Tulimcheka, naye alijicheka.

Jumamosi moja, mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali mpole tuliyemzoea, alituma ujumbe kuuliza kama tuna mabati ya maruni ya kuezekea banda. Wakala akatazama hesabu ya stoo, akayaona, maana yeye mwenyewe alikuwa ameyarudisha kwenye hesabu hiyo siku iliyotangulia, kwa kuwa yalikaa muda mrefu bila kuchukuliwa. Akaandika ankara safi ajabu. Wapakiaji wetu waliyajua mabati hayo vizuri, lakini kwa kuwa karatasi ilitoka kwenye kompyuta, hawakuuliza. Wakayapanga kwenye pikapu ya mfanyabiashara, aliyekuwa amefika kuyachukua.

Ndipo mshonaji akaingia uani. Hakupiga kelele. Alivua viatu, akapanda pikapu, akaketi juu ya mabati na mkoba wake mapajani.

"Shuka, mwaitu, tuongee," mwenye duka akamwambia, kwa ile heshima ya Kikamba ya kumwita mwanamke mama.

"Mimi sishuki. Hii ndio nyumba yangu. Kama mnaipeleka, mnipeleke na mimi."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwasha. Mwenye mbuzi aliuliza kisa, akaelezwa, akamtazama yule mama pale juu kwa muda.

"Teremsheni," akasema. "Mbuzi wangu wamezoea kulala nje."

Mwenye duka alitaka wakala afukuzwe kazi leo leo, utadhani alikuwa anamlipa mshahara. Nilipomuuliza wakala kwa nini alifanya vile, alinijibu kwa adabu ya kuudhi, akinisomea maelezo yetu wenyewe neno kwa neno. Hasira zangu ziko karibu, lakini huyu utamgombeza vipi? Alikuwa ametutii kuliko mtu yeyote pale dukani. Tukaketi kuandika upya, na safari hii mwenye duka ndiye aliyedai maneno yaongezwe. Mali iliyolipiwa ni ya mteja hata ikikaa kwetu miaka. Isirudishwe. Isiuzwe. Ukiwa na shaka, uliza kwanza. Alitaka hata habari za shemeji ziingie, nikamsihi tuziache.

Mshonaji alikataa kwenda nyumbani kabla ya kusikia kwa masikio yake. Tulimletea kiti ofisini, akakisogeza mpaka karibu na kompyuta, akaniambia niulize kama kuna mabati ya maruni ya kuuza. Nikauliza. Jibu likaja, nikamsomea kwa sauti: "Hakuna ya kuuza. Mabati ya maruni yaliyo stoo ni ya mteja wenu wa Mitaboni. Ameyalipia, na mnamtunzia tu."

Mshonaji akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Muulize tena," akaniambia.

Nikamuuliza tena.