Mkono wa Kulia wa Mjomba

Sanamu la kujifunzia liliitwa Mjomba. Wanafunzi wa uuguzi walilibatiza siku lilipotolewa kwenye boksi, kwa sababu lilikuwa na kitambi na jicho moja halikufumba sawasawa, kama mtu anayejifanya amelala wageni wakija. Mjomba alipumua, alikohoa, alisema "naumwa" kwa sauti ya mtu asiyeumwa, na kila alichofanyiwa kilionekana kwenye tableti iliyofungwa kando ya kitanda. Ukipatia, kijani. Ukikosea, nyekundu.

Ila mkono wake wa kulia ulifika umekufa. Ukiufunga mkanda wa kupimia presha, tableti haikuona kitu. Ukihamia kushoto, kijani palepale.

Mkufunzi wa vitendo, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Bi Subiri kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni, aliliona jambo hilo mapema. Alimwambia fundi, fundi akasema kifaa kimeagizwa. Akaenda kwa mkuu wa chuo, naye akamwonyesha alama.

"Madam, darasa zima limefaulu vizuri. Wewe bado unalia na mkono."

"Mkono haunilizi. Hawa watoto ndio wanaoniliza. Wanajua kila mgonjwa hupimwa kushoto."

"Kifaa kikija watajua na kulia."

Alitoka ofisini humo akiwa na presha ambayo hata Mjomba angeisoma.

Kabla ya sanamu, Bi Subiri alifundishia mikono yake mwenyewe. Alikunja mikono ya koti, akaketi, wanafunzi wakapanga foleni wakimbana kwa mkanda mpaka vidole vikafa ganzi. "Subiri. Umenisalimu? Umeniuliza mkono upi una tatizo? Anza upya." Mumewe, seremala, alikuwa akimpaka mafuta jioni na kumtania kwamba anarudi kutoka kazini kama mtu aliyetolewa pingu. Tangu Mjomba aje, mikono ilipona. Kilichouma sasa ni kichwa.

Akajaribu ujanja. Akamfunga Mjomba kitambaa chekundu mkono wa kushoto.

"Huyu figo zake zimeshindwa kazi," aliwaambia. "Mkono huu ameunganishwa mshipa, ndipo mashine inapopitisha damu kuisafisha. Ukiubana na mkanda, mshipa unaweza kuziba, na mashine itakosa pa kupita. Mkono huu haupimwi presha. Tumeelewana?"

Wakaitikia vizuri sana. Wakapima kulia, tableti ikanyamaza, alama zikashuka. Wa kwanza kukifungua kitambaa alikuwa binti waliyemwita Chapuchapu, bingwa wa tableti.

"Samahani Madam, inakata alama."

"Acha ikate."

"Alama ni zangu, Madam. Kuna zahanati inanisubiri nikifaulu. Nisipofaulu watachukua mwingine."

Bi Subiri alikikunja kitambaa kile, na maneno hayo yalimkera kuliko tableti yenyewe.

Mtihani wa mwisho ulifanyika wodini, kwa mgonjwa wa kweli, mbele ya mtahini kutoka nje. Mkufunzi alitakiwa kusimama miguuni pa kitanda bila kutamka neno. Akitamka, mtihani unafutwa na mwanafunzi anarudia mwaka.

Zamu ya Chapuchapu, mgonjwa alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, mpole, mwenye shati la mikono mirefu. Alikuwa mgonjwa wa figo, na faili lake lilikuwa hapo kitandani likisubiri mtu wa kulifungua. Chapuchapu alinawa mikono, akasalimu, akapita upande wa kushoto bila hata kufikiri. Mkanda akaufunga juu ya shati, maana Mjomba havai shati.

"Binti, mkono huo..." mzee alianza.

"Usiongee, Mzee, kipimo kitakosea."

Mzee akanyamaza kwa adabu. Bi Subiri akamtazama mtahini. Mtahini naye alikuwa na tableti yake, macho yamezama humo. Chapuchapu akashika mpira wa kujazia upepo.

"Toa mkanda," alisema Bi Subiri, na kabla binti hajageuka akaufungua mwenyewe.

Mtihani ukafutwa. Kwenye varanda Chapuchapu hakulia, alikuwa na hasira tupu.

"Si ungekohoa tu, Madam?"

"Mjomba anakohoa kutwa nzima. Umewahi kugeuka?"

Mkuu wa chuo alimwambia amelitia doa jina la chuo. Zahanati ikachukua mtu mwingine. Kifaa cha Mjomba nacho kikaja hatimaye, kikafunguliwa kwa shangwe, na kilikuwa cha mkono wa kushoto. Bi Subiri aliondoka chumbani akaenda kusimama uani, maana angebaki angemrushia mtu kitu.

Mwaka mpya wa masomo Chapuchapu alirudi, akaketi nyuma kabisa miongoni mwa wadogo zake kimasomo. Alimsalimu mkufunzi kwa midomo tu. Bi Subiri alimwacha. Alijua alichomchukulia, na hakuwa na cha kumrudishia.

Ilipofika zamu yake kwa Mjomba, Chapuchapu aliuweka mkanda kitandani.

"Shikamoo, Mzee. Kabla sijakupima, kuna mkono nisiopaswa kuubana?"

"Naumwa," alijibu Mjomba.

Tableti ikawa nyekundu. Wenzake wakacheka, mmoja akamnong'oneza kwamba muda unakwenda na alama zinakatwa.

"Acha ikate," alisema Chapuchapu bila kumtazama mkufunzi. Akaendelea kusimama pale, anasubiri jibu.

Bi Subiri alivuta kiti, akaketi ubavuni kwa Mjomba na kukunja mikono ya koti.

"Upo, mwanangu," alisema. "Huu wa kushoto. Una mshipa wangu wa mashine."

Chapuchapu akazunguka kiti, akamfunga mkanda mkono wa kulia.